Diski ya Pili ya Shangazi

Tarehe 6 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo, nami naitikia mapema tusipoteze nafasi. Mimi mzima. Goti linaniuma asubuhi, likishapata joto linasahau. Paa la jikoni limezibwa. Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimu na anauliza kama bado unatembea kama mtu aliyeachwa na gari. Nimemwambia umezidi. Nibusie Kibogoyo wako na uniambie yale meno ya mbele yameota au bado anatafuta.

Baba yako mwambie barua yake nimeipata, na jibu ni lile lile. Sihamii kwake. Nina nyumba yangu na kazi yangu, na kile chumba anachodai amenitengea aweke baiskeli.

Sasa lililonikalisha hapa. Kazi yangu unaijua: watu wanasema kwenye vikao na mashauri, ofisi inawarekodi, mimi nakaa nyumbani na kuyaandika yote neno kwa neno, hata kikohozi. Wiki iliyopita Mkuu wa ofisi alituita wanukuzi wote akatutangazia kwamba kuanzia Julai rekodi zitakuja kwa programu mpya, na programu hiyo haielewani na mfumo wa kompyuta yangu. Inataka mfumo mwingine, ule wa bure ambao wewe unausifia mpaka mtu anachoka. Asiyekuwa nao mwisho wa Juni hapewi rekodi tena. Alisema hivyo bila kupepesa macho, kisha akatukaribisha chai.

Lakini mfumo wangu wa zamani siuachi. Ndio unaoelewana na ile pedali ninayoikanyaga kusimamisha na kurudisha sauti. Ndimo vilimo vifupisho vyangu vyote. Nagonga herufi tatu, jina zima la kamati linajiandika lenyewe. Nimevijenga tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu, na kazi za zamani bado zinarudi kusahihishwa humo humo.

Swali langu basi: kompyuta moja inaweza kukaa na mifumo miwili bila kugombana? Kama inaweza, niandikie hatua zote. Niandikie barua, usinipigie simu. Maneno ya simu yanapita, lakini karatasi naweka kidole kwenye mstari na mstari haukimbii. Na zile jumbe za simu herufi zake ni kama mchanga, usinitumie.

Nikishindwa hili sina kazi, na nikikosa kazi baba yako atakuja na gari kunibeba pamoja na kabati. Nadhani umenielewa.

Shangazi yako

*

Tarehe 19 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo ya pili, kwa kuwa ya kwanza umeila kabla haijaiva. Sisi hatujambo. Hapa hospitali kazi ni ile ile: kila anayemwaga chai kwenye kibodi anasema imejimwaga. Kibogoyo ameota jino moja na analionyesha kwa kila mtu, hata kwa walinzi wa getini. Mchana anashinda kwa Babu yake, nami nampitia nikitoka kazini. Baba yuko salama. Tangu Mama atutoke ile nyumba imekuwa kubwa kwake, lakini ukimuuliza anasema anapenda nafasi. Nilimpa jibu lako. Alisema, "Dada yangu ana kichwa kama jiwe," kisha akaenda kupaka rangi kile chumba.

Swali lako jibu lake ni ndiyo, tena bila wasiwasi. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuigawa diski uliyo nayo vipande viwili, kila mfumo ukae upande wake. Hiyo siitaki, kwa kuwa ukikosea mstari mmoja vifupisho vyako vimekwenda na maji. Ya pili ni kuongeza diski ya pili ndani ya kasha hilo hilo. Ya zamani inabaki na mfumo wake, ya pili inabeba mpya, na kila ukiwasha kompyuta unachagua mwenyewe unaingia upande gani. Tutafanya hivyo.

Nimekutumia kifurushi kwa basi: diski ya pili, waya wake, na flashi yenye mfumo mpya tayari kuwekwa. Wakati unakisubiri, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu wa kasha, uangalie tu. Diski yako ya zamani ni lile sanduku la chuma lililofungwa kwa skrubu. Usiiguse. Niambie kama pembeni yake kuna nafasi, na kama kwenye ubao mkubwa wa ndani kuna tundu tupu linalofanana na lile linaloingia waya wa diski hiyo.

Jambo moja zaidi. Diski hiyo ni ya siku nyingi. Ukiiwasha, tega sikio. Ikinguruma kwa utulivu ni nzima. Ikianza kugonga, inaelekea kufa, na uniambie mara moja.

Halafu Shangazi, nimekupigia Jumapili tatu mfululizo kukusalimu tu, si mambo ya kompyuta. Simu inaita weee mpaka inakata. Uko wapi siku hizi?

Kiherehere wako

*

Tarehe 7 Machi

Mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa jino la Kibogoyo. Mwambie asilionyeshe sana, litachoka kabla halijaanza kazi.

Kifurushi kimefika, kimefungwa gundi nyingi mpaka nikaazima mkasi wa fundi cherehani. Kumbe diski yenyewe ni hii? Nyepesi kama biskuti. Niliitikisa nikidhani wameiba kilichokuwa ndani. Lakini wewe ndiye fundi, sisemi kitu.

Kasha nimelifungua kwa bisibisi ya cherehani, maana yangu ilikuwa nene. Vumbi nililolikuta humo lingetosha kujaza mto. Nimelipuliza nje ya mlango na jirani akafunga madirisha. Pembeni ya diski ya zamani kuna nafasi ya diski nyingine kama hiyo, na matundu matupu kwenye ubao nimeyaona mawili, mekundu. Diski sikuigusa, kama ulivyosema.

Nimeisikiliza pia. Inanguruma kwa utulivu.

Kazini wamenipa rekodi ya mashauri ya mpaka wa kiwanja, ndugu wawili wanagombea ukuta. Wanasema kwa kupokezana kama watu wanaotwanga, na mwenyekiti ananong'ona. Watu wa siku hizi hawafungui mdomo wanaposema, sijui wanaogopa nzi. Naimaliza polepole.

Nitumie hatua. Mimi niko tayari kuliko unavyodhani.

Shangazi

*

Tarehe 20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima, isipokuwa Baba amejipaka rangi mpaka kwenye nyusi. Chumba kimekuwa cha kijani. Anasema kijani ni rangi unayoipenda. Mimi sikukumbuka, lakini nimenyamaza.

Hujanijibu kuhusu simu. Haya, nimeona.

Hatua ni hizi, na uzifuate kwa mpangilio. Zima kompyuta na uchomoe waya wa ukutani. Chomoa ule waya bapa wa diski ya zamani, ili wakati wa kuweka mfumo mpya kompyuta isiione kabisa. Kisichoonekana hakiwezi kufutwa. Funga diski mpya kwenye nafasi yake. Waya wake mmoja uingie kwenye tundu jekundu tupu, mwingine ni wa umeme, utauona umening'inia bila kazi. Chomeka flashi, uwashe, na kabla maandishi hayajatokea uanze kugonga kitufe cha F12. Itatokea orodha ndogo. Chagua flashi. Kuanzia hapo maswali utakayoulizwa ni ya kawaida: lugha, jina, neno la siri. Ikikuuliza uweke mfumo diski gani, itaonekana moja tu, hiyo mpya, kwa hiyo huna pa kukosea.

Ikimaliza, zima tena, rudisha waya wa diski ya zamani, washa ukigonga F12, na utaona diski mbili zikikusubiri. Chagua ya kwanza, uingie, utoke. Chagua ya pili, uingie, utoke. Ukifika hapo umemaliza kazi ambayo watu hunilipa kuifanya.

Niandikie kila kitu ulichoona na ulichosikia, hata kidogo.

Kiherehere

*

Tarehe 3 Aprili

Kiherehere wangu,

Andika popote unapotaka kwamba shangazi yako ameweka mifumo miwili kwenye kompyuta moja, peke yake, bila kumwita mtu. Nimemwonyesha fundi cherehani mara mbili. Mara ya pili alikuwa na mteja, mteja naye akaona.

Nikueleze. Kwanza ulinitega, ingawa najua hukukusudia. Barua yako ya Februari ilisema diski ya zamani nisiiguse. Ya Machi ikasema nichomoe waya wake. Katika kazi yangu aliyesema mwanzo hafutwi na aliyesema baadaye, maneno yote mawili yanabaki kwenye karatasi. Nikakaa nikafikiri, kisha nikaona kumbe waya una ncha mbili. Nikachomoa ile ya upande wa ubao. Diski sikuigusa hata kwa ukucha, na waya umechomoka. Nilijipongeza kwa sauti.

Mfumo mpya uliingia wenyewe wakati napika. Kwenye kurudisha waya ndipo niliporudisha kwenye tundu jingine, kwa kuwa yote mekundu. Skrini ikawa nyeusi na mstari mmoja wa kulalamika. Ningeweza kuogopa, lakini nilirudi kwenye karatasi yako, nikaweka kidole penye neno "rudisha", na kurudisha maana yake ni kurudisha kilipokuwa. Nikahamisha waya. F12 nikaigonga kama mtu anayedai deni. Zikatokea mbili! Nikaingia ya zamani, vifupisho vyangu vyote vipo, pedali ipo. Nikaingia mpya, inang'aa kama sahani mpya, na programu ya ofisi imekubali.

Uliniambia nikuandikie na nilichosikia. Diski zote mbili zinanguruma vizuri. Ya zamani kwa sauti nzito ile ile, na hii mpya kwa sauti nyembamba zaidi, ya upole. Zinapendeza zikienda pamoja.

Mwambie baba yako kwamba kijani nilikipenda nikiwa na miaka kumi. Na mwambie juu ya kompyuta.

Shangazi yako fundi

*

Tarehe 15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kibogoyo mzima, Baba mzima, mimi mzima. Leo salamu ni fupi.

Diski niliyokutumia haingurumi. Haiwezi. Ndani yake hakuna kinachozunguka, ni kama ile flashi, ila kubwa. Hata ukiibana sikioni hutasikia kitu, wala mimi nisingesikia, wala mtu yeyote.

Niliusoma mstari wako wa sauti nyembamba nikiwa kwenye korido ya hospitali, nikasimama katikati ya njia mpaka mhudumu anayesukuma kitanda akaniomba nipishe. Nikaanza kuunganisha. Simu inayoita bila kupokelewa. Watu wa siku hizi wasiofungua mdomo. Desemba tulipokuja, Kibogoyo alikuita kutoka nyuma yako na wewe ukaendelea kumenya machungwa. Alilia garini. Alidhani umemkasirikia.

Tangu lini, Shangazi? Sikuulizi kwa ubaya. Inaniuma kwamba ulikuwa unalibeba peke yako, na inaniuma zaidi kwamba mimi, ninayejua kompyuta inaumwa wapi kwa kuitazama tu, sikuona.

La haraka ni hili. Kama mlio wa diski mpya uliubuni, basi na wa diski ya zamani sina uhakika nao. Leo hii, ukishamaliza kusoma, mwite fundi cherehani aweke sikio kwenye kasha. Kama inagonga, usiingie kabisa kwenye mfumo wa zamani. Ingia mpya, fungua picha ya diski ya zamani iliyo upande wa kushoto, shika folda ya kazi zako pamoja na ile ya vifupisho, uzinakili upande wa mfumo mpya. Usifanye kitu kingine mpaka imalize.

Nakupenda. Niandikie upesi.

*

Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Nilikasirika. Barua yako niliifunika kwa sufuria ili isinitazame. Niliandika jibu kali la kurasa mbili, na lilikuwa zuri sana, kisha nikalichana. Lakini fundi cherehani nilimwita siku ile ile. Hasira zangu hazijanifanya mjinga.

Aliinama, akaweka sikio, akanitazama kwa mshangao. Akaniandikia kwa kipande cha chaki juu ya kitambaa, kwa maana yeye, kumbe, amejua siku nyingi kwamba sisikii vizuri: "Inagonga kama mtu aliyesahau ufunguo." Inagonga tangu mwezi wa pili! Alidhani nimekwisha kuambiwa na nimeiacha tu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba changu na miguu imenyooka kama mtoto.

Kisha nikainuka nikafanya ulivyosema. Kunakili kulichukua mchana kutwa. Mara mbili ilisimama, mara mbili ikaendelea. Vifupisho vimevuka vyote. Kazi zimevuka zote isipokuwa kikao kimoja cha zamani cha wauza kuni, ambao hata wao hawakukubaliana kitu.

Sasa nikujibu. Ni tangu mwaka juzi. Lilianza sikio la kushoto, la kulia likalifuata. Niliongeza sauti, nikanunua vipokea sauti vikubwa, nikajifunza kusoma midomo. Lakini rekodi haina midomo. Kwenye yale mashauri ya ukuta niliandika "haisikiki" mara nyingi mno, mwanangu, na ilikuwa inasikika. Ni mimi. Katika maisha yangu yote sijawahi kuandika kwenye karatasi ya kazi neno ambalo si kweli, na sasa nimeliandika. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko sikio lenyewe.

Kibogoyo mwambie sikumkasirikia. Mwambie hivyo leo, kabla ya kula. Mwambie Bibi yake hakumsikia, na kwamba akitaka kitu aje mbele yangu anivute nguo.

Baba yako usimwambie. Akijua ataleta gari kesho yake. Na nina swali, silitaki liwe siri tena: huo mfumo mpya, nimeambiwa una programu inayosikiliza mtu akisema na kuandika maneno yake kwenye skrini. Ni kweli au ni domo la watu?

Shangazi

*

Tarehe 12 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kibogoyo nilimwambia kabla ya kula. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi nitaongea kwa mikono," na tangu siku hiyo anajifunza kupunga.

Ni kweli, ipo. Maelezo ya kuiweka nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, hatua fupi fupi, kidole chako kitafurahi. Inakosea. Majina inayaboronga, wanaosema kwa pamoja inawachanganya, na nukta haijui kabisa. Inahitaji mtu anayejua vikao, anayejua mtu wa kawaida husema nini baada ya "ndugu mwenyekiti". Huyo mtu tunaye.

Nimetuma diski ya tatu. Mpe fundi wa kompyuta wa hapo sokoni pamoja na ile inayogonga, mwambie ahamishe kila kitu, mfumo na vyote, kabla haijakata roho. Ukiiweka hiyo ya tatu mahali pa ile inayogonga utakuwa na mifumo yako miwili kama kawaida, na hakuna hata mmoja utakaonguruma. Usiniandikie kwamba umeusikia.

Hospitali ya hapo kwenu nayo ina daktari wa masikio, nimeuliza. Nenda. Kifaa cha sikio hakitakurudishia yote, lakini kitakurudishia nusu, na nusu si haba.

Baba sitamwambia, utamwambia mwenyewe. Na Mkuu wa ofisi pia. Najua unavyochukia kuambiwa la kufanya, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba karatasi ya kazi haiandikwi uongo.

Kiherehere wako

*

Tarehe 25 Juni

Kiherehere wangu,

Marahaba. Paa zima, goti zima, na katika sikio la kulia nina kidude kidogo ambacho kinanifanya nisikie vijiko kuliko watu. Daktari anasema nitakizoea. Diski ya tatu imewekwa, na fundi wa sokoni alinitaka nimweleze nilivyochomoa waya upande wa ubao. Nilimweleza bila kujivuna sana.

Kwa Mkuu nilikwenda mwenyewe, nikiwa nimevaa gauni la kikao. Nilimwambia: masikio yangu yamepungua, mashauri ya ukuta yana makosa, nayarudia bure, na kazi bado naitaka. Akanipa rekodi ngumu ya kikao chenye watu saba, akasema niirudishe ikiwa safi. Mashine iliandika, nikaisahihisha: hapa si "mbuzi", ni "mjumbe", hapa mwenyekiti hawezi kusema hivyo, rudisha tena, ongeza sauti, tazama mawimbi ya sauti kwenye skrini. Mashauri ya ukuta nayo niliyarudia, na "haisikiki" zimebaki mbili, za kweli. Alisoma zote mbili mbele yangu. Julai nina rekodi. Amesema pia kwamba sikuwa peke yangu niliyeandika "haisikiki" pale ofisini, ila ni peke yangu niliyekuja kusema.

Sasa habari za baba yako, nazo usizisome ukiwa kwenye korido.

Jumapili nilimpigia mimi. Niliweka simu mbele ya kompyuta kwa sauti kubwa, naye maneno yake yakawa yanapanda kwenye skrini. Nilimwambia kuhusu masikio, kazi, na kwamba siji. Alipiga kelele kidogo, kisha akaniaga. Akadhani amekata simu. Hakukata. Nami nilikuwa nanyoosha mkono kuzima nikaona mashine bado inaandika. Nimekunukulia kama yalivyo. Ya Kibogoyo mashine iliyaboronga kwa sababu ya mapengo, nimeyasahihisha kwa kuwa mtoto namjua.

BABU: Nilijua tu. Kichwa kama jiwe.

MTOTO: Nani?

BABU: Bibi yako. Nimempakia rangi chumba. Nimemnunulia godoro.

MTOTO: Yeye ana godoro lake.

BABU: Basi mimi ndiye ninayetaka mtu. Kila asubuhi nasalimiana na redio.

Miaka yote hii nilidhani anataka kunitunza, na mimi nikawa napigana naye. Niliyatazama maneno yale mpaka macho yakaloa. Nikainama kwenye simu nikasema, na mashine ikaendelea, maana haina adabu:

DADA: Mdogo wangu, hujakata simu.

BABU: Ati?

DADA: Ukiwa mpweke sema mpweke. Usiniambie mimi nimezeeka.

BABU: Umesikia?

DADA: Nimesoma. Nina chumba cha nyuma, kinapata jua asubuhi. Fundi cherehani anatafuta mtu wa kubishana naye. Njoo wewe.

BABU: Mimi? Na nyumba hii?

DADA: Mpe binti yako, ana mtoto na amepanga nyumba ya watu. Njoo.

BABU: Nitafikiri.

MTOTO: Babu, mbona unashusha sanduku?

Shangazi yako